Figa la Mlangoni

Mlandizi,
12 Juni 1937

Kwa Bibi yangu mpenzi, Bi Mwanne, Kisarawe.

Shikamoo Bibi. Mimi na mke wangu Mwanakheri tu wazima, mashaka yetu yote yako huko kwako. Kikohozi kinaendeleaje? Nilipokuja mara ya mwisho ulikuwa unakohoa mpaka unashika ukuta, nikakuuliza, ukasema umepaliwa na mate. Bibi, mtu hapaliwi na mate kila siku.

Nakuandikia kwa herufi za chuo cha Kurani, zile ulizonifundisha kwa kijiti juu ya majivu ya meko yako, ili uisome mwenyewe asikusomee mtu. Kila nikiandika alifu nauona mkono wako ukiyasawazisha majivu nianze upya.

Kazi nimekwisha izoea. Watu wananiita Bwana Afya, ingawa Bwana Afya hasa ni mwingine, mimi ni msaidizi wake nafuata nyuma na baiskeli. Tunapita nyumba kwa nyumba, Mlandizi hapa, Soga, mpaka Magindu kwa wakwe zangu. Daktari ametufundisha mambo ambayo sikuyajua. Moshi wa kuni ukifungiwa ndani ya nyumba unakula kifua cha mtu pole pole, na macho pia. Chumba kisicho na dirisha kinafuga kifua kikuu. Na kata moja ya kunywea ikipita kwa watu wote, maradhi nayo yanapita.

Sasa Bibi, kila nikiingia kwa mtu nikamwambia atoe moto nje, naiona nyumba yako. Nayaona mafiga yako katikati ya chumba, kitanda chako pembeni yake, mbuzi amelala mlangoni. Mdomo unasema, "Toeni moto," na moyoni nakusikia wewe unacheka.

Nakuomba utoboe dirisha. Moto uhamishie uani, ujengewe kibanda. Na kata yako ya kunywea iwe yako peke yako. Usione kama nakufundisha. Wewe ndiye mzee niliyebaki naye, sina mwingine.

Mjukuu wako,
Mbaraka


Kisarawe,
mwezi wa Mfungo Nane

Kwa mume wangu Mbaraka, Bwana Afya wa Mlandizi na Soga na Magindu na kwingineko.

Marahaba, mume wangu. Barua nimeipata kwa mkono wa Kibwana anayenunua kuku. Mimi sijambo, mbuzi hajambo, kuku hawajambo isipokuwa wale walioondoka na Kibwana. Moto nao haujambo. Nimeusalimia kwa niaba yako, maana naona umeukasirikia.

Haya, nieleze. Mama yako alipofariki uliletwa kwangu umeviringishwa katika kaniki, mwili wa baridi, hata kulia huwezi. Wanawake wote wakasema huyu hafiki Ijumaa. Mimi nikakulaza kando ya meko, ubavu huu, kisha ubavu huu, mpaka ukalia. Ulivyolia! Mboni alitoka kwake nyumba ya pili mbio akidhani nimeungua. Umelala katika moshi huo huo mpaka umeota ndevu. Kama moshi unakula kifua, chako kimebaki vipi cha kupandia baiskeli mpaka Magindu? Na lile gari unalopanda kuja kwangu si linakwenda kwa moshi? Huyo daktari wenu hulipanda?

Usiniambie habari ya moshi kama mtu asiyeujua. Mahindi ya mbegu yako darini juu ya meko, na fukusi hawayagusi. Makuti ya paa ni meusi tii, na mchwa hawayataki. Mbu wanapita wakienda kwa watu wenye madirisha. Alfajiri Mboni anakuja na kigae chake kuomba kaa la moto, tunakaa kidogo, ananieleza nani kaolewa na nani kaachwa. Nikiutoa moto nje habari nitazipata wapi?

Halafu kuna jambo hukulijua. Siku nilipoletwa nyumba hii bibi harusi, mama mkwe wangu ndiye aliyepanga mafiga haya kwa mkono wake. Akaenda mekoni kwake akaleta kaa, akaliweka katikati, akaniambia, "Usiuache ulale njaa." Haukulala njaa mpaka leo. Wakati wa vita ya Mjerumani tulikimbilia porini, na niliuchukua ndani ya chungu chenye majivu, nikarudi nao. Babu yako Pazi alichukua jogoo, mimi nikachukua moto.

Kikohozi changu ni cha uzee. Babu yako hakukohoa hata siku moja, na mnazi ukamtupa chini akafa. Kata ya kunywea ndiyo aliyonywea mama yako, sina nyingine.

Dirisha nitatoboa, kwa ajili yako. Moto, hapana.

Msalimie mke mwenzangu Mwanakheri. Mwambie asijisahau, mkubwa ni mimi.

Mkeo wa kwanza,
Bibi yako Mwanne


Mlandizi,
3 Januari 1938

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta na afya, na kwamba dirisha limekwisha tobolewa. Huku mvua za vuli zimetuacha na matope, ila hatuna la kulalamikia.

Nina habari ya furaha. Mke mwenzio ni mjamzito. Mama yake alikwisha tangulia mbele ya haki, kama unavyojua, na yeye anasema hana mama mwingine wa kumwendea ila wewe. Nimemwambia habari ya hospitali Dar es Salaam, akaogopa akalia. Anataka kuzalia Kisarawe, mikononi mwako, katika chumba nilicholelewa mimi. Na mimi ndicho ninachokitaka, Bibi. Nikifumba macho namwona mtoto wangu pale pale.

Lakini lazima nikuambie jambo, na nimekaa siku nyingi nikiliogopa.

Mwezi uliopita huko Soga tuliitwa nyumba ya mzazi. Mlango umefungwa, matambara yameshindiliwa chini ya mlango upepo usipite, moto umekokwa karibu na kitanda kama desturi. Niliingia sikuona kitu kwa moshi. Mtoto alikuwa anavuta pumzi na mbavu zinaingia ndani. Tulimtoa nje haraka, hakuwahi. Nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kumzika, na nyanya yake alikuwa ananiuliza mimi, "Mwanangu, nilimkosea nini? Nilimpasha moto tu."

Mwanakheri atakuja kwako ikiwa moto utatoka ndani ya nyumba. Usipotoka, Bibi, siwezi kumleta.

Mjukuu wako,
Mbaraka


Kisarawe,
Mfungo Pili

Mbaraka,

Salamu zimefika. Wazazi wa mtoto wa Soga wape pole yangu, Mungu amweke pema.

Ila nimepokea watoto wa Kisarawe hii kabla mama yako hajazaliwa. Nimewapasha moto, nimewakanda mama zao, na leo wananiamkia njiani na ndevu zao. Hakuna aliyewahi kunipa sharti katika nyumba yangu, si babu yako, si mama mkwe wangu. Umekuja kunipa wewe niliyekutoa mavi.

Mke ni wako na mimba ni yenu. Mpeleke unakotaka.

Mwanne


Mlandizi,
20 Machi 1938

Bibi,

Shikamoo. Nimengoja jibu jingine, halikuja. Kibwana anasema amekukuta mzima, akakuuliza kama una barua ya Mlandizi, ukampa mhogo.

Sikuandika kukuvunjia heshima. Lakini neno langu siwezi kulirudisha, maana yule mtoto wa Soga bado namwona.

Mwanakheri ameanza kulala pamoja na mfuko wake wa nguo. Amekata kanga za kumpokelea mtoto, na moja mpya ameiweka kando haijakatwa. Nilimuuliza ni ya nani, akasema, "Ya mkubwa wangu." Nimeona nikuambie.

Mbaraka


Kisarawe,
Mfungo Sita, mvua inanyesha

Mume wangu,

Mimi mzima, nimelowa. Nakuandikia na kanga imenigandama mgongoni. Habari za huko? Mke mwenzangu miguu haijamvimba?

Nilikaa na hasira zangu wiki nyingi, zikanichosha. Siku moja nimekaa mekoni peke yangu nikaanza kuwakumbuka watoto niliowapokea, mmoja mmoja kwa jina la mama yake. Wenye ndevu niliwakumbuka upesi. Halafu wakaja wale wengine, wale waliokohoa kidogo wakanyamaza. Wakati ule tulisema ni jicho la watu. Tukasema Mungu kachukua chake. Labda ni hivyo. Mimi zamani nilikuwa na hakika, sasa sijui, na nikakasirika tena kwa kuwa wewe ndiye uliyenifanya nisijue.

Basi nikamwita fundi Twalibu akanijengea kibanda uani. Nikapanga mafiga mapya huko, mawe ya kuokota. Ya zamani sikuyagusa, yako pale pale ndani, yamekaa matupu. Nikachukua makaa kwa kigae nikayatoa nje mwenyewe. Hatua chache tu toka mlangoni mpaka kibandani, na nililia kama natoa maiti. Mboni alinikuta. Akachukua kaa lake akaenda zake.

Sasa sikia kilichonipata. Masika haya mvua imekuja ya upepo, kibanda cha Twalibu kikavuja, na asubuhi nikakuta majivu yamekuwa uji. Nilichokora mpaka chini, hakuna hata cheche. Moto wa mama mkwe wangu, uliokwenda porini ukarudi, umekufa uani kwa mvua!

Nilikaa kwenye matope. Halafu nikachukua kigae, nikajifunika kanga mpaka usoni watu wasinione, nikaenda kwa Mboni kuomba moto. Mimi! Tangu niolewe sijapata kuomba moto kwa mtu. Nilipofika mlangoni nikakinyoosha kigae. Mboni akaniangalia, akaangalia kigae, akacheka mpaka akakaa chini. "Bi Mwanne," anasema, "mimi sina moto. Huu niliokuwa nao ni wako, mwanao kaja kutembea tu." Akanijazia kigae.

Kwa hiyo moto wangu ninao, uko uani, na Twalibu ameongeza makuti. Chumba kimefagiwa, dirisha liko wazi, na upepo unaingia kama mtu asiyejua kubisha hodi. Nyumba ya baridi, Mbaraka. Ndivyo ulivyotaka. Niletee mke mwenzangu.

Mkeo,
Mwanne


Kisarawe,
Mfungo Tisa

Kwa baba wa mtoto,

Hongera, mume wangu. Najua Kibwana alikwisha kukupa habari kwa mdomo, lakini habari ya Kibwana ni nusu, nusu nyingine aliiuza njiani.

Mke mwenzangu amejifungua salama. Mtoto ni wa kike, na kapiga kelele kabla sijamshika vizuri. Pua ni yako, nasikitika kusema. Tumemwita Mwanaamina, jina la mama yako, kama mlivyoagiza, na nilipomwita mara ya kwanza nilifika nusu nikamwachia Mboni amalizie.

Unataka kujua habari ya moto. Nitakuambia usije ukasikia kwa Mboni ukadhani nimekuvunjia sharti. Kipupwe cha mwaka huu kikali. Alfajiri mtoto vidole vinakuwa baridi, na mimi mkono unakwenda wenyewe pale katikati ya chumba kutafuta kaa, unakuta jiwe. Basi nafanya hivi. Natoka uani, nachuchumaa mbele ya moto, nazipasha hizi mbawa zangu, yaani viganja, mpaka zinakaribia kuungua. Kisha nazifumba, naingia ndani mbio, nazifumbulia tumboni kwake. Zikipoa natoka tena. Mwanakheri ananicheka, anasema nakimbia kama mwizi. Maji ya kumkandia yeye nayachemsha huko huko nje.

Mtoto hakohoi. Nimetega sikio kila siku, hakohoi hata kidogo.

Sina la kuongeza. Njoo arobaini yake ikitimia uwachukue, ingawa ungechelewa nisingekasirika.

Bibi wa watu wawili sasa,
Mwanne


Mlandizi,
9 Oktoba 1938

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Tulifika salama, mtoto alilala toka Pugu mpaka Soga. Mwanakheri anakushukuru, na kila asubuhi anaipasha mikono yake moto kabla ya kumshika mtoto, na mimi nampisha mlangoni atoke na kuingia.

Sijui nitakulipa kwa kitu gani. Nilipoingia chumbani nikaona mwanga wa dirisha umemwangukia mtoto, na harufu ni ya maziwa na udi kidogo tu, nilitaka kumwita daktari aje kuona. Ila nikakumbuka pia harufu ya zamani, mhogo wa kuchoma na moshi wa makumbi, na nikaitafuta kwa pua kwenye nguo zako. Usinicheke.

Nimefurahi zaidi kwamba siku zile zote nilizokaa sikukusikia ukikohoa.

Mlango wa uani ulikuwa unajifunga na upepo wa dirisha na kumshtua mtoto. Nimekuwekea jiwe la kuuzuia. Hukulalamika, nadhani ulilipenda.

Mjukuu wako,
Mbaraka


Kisarawe,
mwezi wa Shaabani

Mume wangu,

Sijambo, na mtoto usimwachie baridi.

Hilo jiwe ulilouwekea mlango ni figa langu. Uliling'oa hapo katikati ya chumba ukaona ni jiwe tu limekaa bure. Nilikuona nikiwa nimemshika mtoto, nikashindwa kusema kwa sababu ulikuwa na furaha, unafanya kazi unapiga mluzi. Lile ndilo aliloliweka mama mkwe wangu mwanzo kabla ya mengine. Sasa liko mlangoni, mbuzi analikojolea.

Sikuambii ulirudishe. Limekwisha toka, na mlango kweli haujifungi. Lakini yale mawili yaliyobaki yanatazamana kama watu waliofiwa. Nilitaka ujue ulichokishika, basi.

Kikohozi kimepungua, si uwongo. Mwaka huu napanda mpaka kwa Mboni bila kusimama. Usishangilie. Mbegu zimeingia fukusi, nikaomba kwa watu mbegu za kupanda. Fundi anasema paa halitafika masika mengine. Na Mboni siku hizi haingii ndani. Anachukua kaa lake kibandani, ananisalimia akiwa amesimama. Kifua nimekipata, na umbea nimeukosa.

Nakupenda hivyo hivyo, mwizi wa mafiga.

Mkeo,
Mwanne


Kisarawe,
Mfungo Tisa, mwaka 1362 wa Hijra

Kwa mume wangu Mbaraka,

Kwanza nipokelee salamu, wewe na mke mwenzangu na Mwanaamina na yule mdogo ambaye sijamwona. Miaka hii barua zetu zimekuwa salamu tupu, mimi mzima wewe mzima, vita, bei ya kanga. Leo nina haja, kwa hiyo vumilia mwandiko. Mkono unaandika unavyotaka wenyewe.

Sikukuambia, na Kibwana nilimkataza asiseme. Tangu Mfungo Sita miguu hainifikishi uani. Nikisimama nafika mlangoni, nashika mlango, narudi. Kifua nacho kimerudi palepale, bila moshi. Mboni anapika kwake ananiletea, Mungu amlipe. Kibandani mafiga yameota majani.

Mume wangu, nyumba hainuki kitu. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko miguu. Naamka, nafumba macho tena, navuta pumzi nijue niko wapi, na sijui. Inaweza kuwa nyumba ya mtu yeyote. Naangalia yale mawe mawili, naangalia la tatu pale mlangoni. Kipupwe kimeingia na dirisha lako halina huruma.

Nimekutii. Sijutii kukutii, maana Mwanaamina hakukohoa. Sasa nakuomba ruhusa. Wewe ndiye uliyeutoa moto, sitaki kuurudisha kwa siri kama mwanamke anayemficha hawara. Niruhusu moto ulale ndani pamoja nami kipupwe hiki. Sitakuomba kijacho.

Bibi yako,
Mwanne


Mlandizi,
20 Juni 1943

Bibi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Ukiniuliza mimi wa afya, jibu ni hapana. Kifua chako hakiwezi moshi, na unajua, na mimi nimeona vifua vya namna hiyo. Sitakudanganya.

Ukiniuliza mimi mumeo, nimekwisha omba likizo. Ijumaa tunapanda gari pale Soga, mimi na Mwanaamina, tunashuka Pugu. Mwambie Mboni asiache moto wake ulale njaa. Mtu mwingine asiuingize, na figa la mlangoni asiliguse mtu. Nililing'oa mimi.

Mbaraka


Kisarawe,
mwezi wa Rajabu

Mume wangu,

Mmeondoka asubuhi, na kabla hamjafika Pugu nimemwambia Mboni aniletee karatasi. Mimi sijambo kwa kadiri yangu. Natumai mtoto hajachoka njiani.

Mchana wote nilikuwa nakuona moyoni vile ulivyopiga magoti siku mliyofika, na suruali yako ya kaki, umelikumbatia lile jiwe kwa mikono miwili. Uliliweka kinyume, unakumbuka? Upande mweusi ukautazamisha nje, mpaka nikakupigia kelele toka kitandani. Bwana Afya mzima hajui figa linatazama wapi! Kisha ukatoka na kigae, ukarudi na kaa la Mboni umelikinga kwa kiganja, huku machozi yanakutoka. Ulisema ni moshi. Moto ulikuwa haujashika hata kidogo, mume wangu, moshi ulikuwa bado haupo.

Na jana ulipomkalisha Mwanaamina kando ya majivu ukamshikisha kijiti, nilijifanya nimelala. Alifu yake imepinda kama yako ilivyokuwa. Nimemkataza Mboni asifagie hapo.

Moto unawaka vizuri. Makuti yameanza kuvuta harufu, na nilipoamka nilijua niko wapi kabla sijafumbua macho. Mboni amekaa ndani nusu ya siku. Binti Shomari kaachwa, lakini habari hiyo ni ndefu, nitakupa ukija.

Nimekohoa. Usiku na mchana nimekohoa, kuliko wiki iliyopita. Ulisema kweli, moshi unadhuru, na mimi Mwanne nimeandika kwa mkono wangu. Usiache kuwaambia watu. Wenye watoto wachanga uwaambie kwa ukali, watoe moto, watoboe madirisha, hata wakikununia kama nilivyokununia. Huu wangu tu uuache.

Jambo moja nimeliona baada ya kuondoka kwenu. Kwa kuwa figa limerudi mahali pake, mlango wa uani hauna tena kitu cha kuuzuia, unajifunga wenyewe. Ukija ukaukuta umefungwa, usisimame nje kubisha hodi kama mgeni. Sukuma uingie. Lisha moto kwanza, ndipo uniamshe.

Mkeo wa kwanza,
Mwanne